Mswada tuliosoma Mei sio ule uliopita Juni: kisa cha kikundi kimoja na Sheria ya Fedha ya 2023 Kenya

Kabla ya kuingia ndani

Hiki ni kisa cha kikundi cha wafanyabiashara wadogo, watu kama 40 hivi, katika mji mmoja wa Kenya. Jina la mji nimelitoa, la kikundi pia, na wanachama nitawaita kwa kazi zao tu. Mbunge wao naye simtaji. Lakini tarehe za Bunge, hesabu ya kura na maamuzi ya mahakama nimeyaacha vile yalivyo, hayo ni mambo ya umma na bila hayo kisa hakieleweki.

Mimi ndiye niliyekuwa nawaandikia karatasi. Kazi yangu ni kushika vitabu vya hesabu vya maduka madogo, so mambo ya ushuru nayaona kila mwezi yakiingia kwa mfuko wa mtu, siyaoni kwa magazeti. Nimeandika hiki kwa sababu watu wengi bado wanakumbuka 2023 kama vita ya asilimia, mafuta 16, nyumba 1.5, mauzo 3, na mimi naona vita yenyewe ilikuwa ya njia: nani anaona maneno ya mswada, anayaona lini, na maneno yakibadilika anaambiwa na nani. Hapo ndipo wabunge waligawanyika, hapo ndipo majaji waligawanyika, na hapo ndipo sisi tulichelewa.

Mambo yalivyokuwa

Kenya hurekebisha sheria za ushuru karibu kila mwaka kupitia Mswada wa Fedha. Wengi hudhani huo mswada ni sheria moja ya ushuru unayoweza kukaa ukaisoma kama kitabu. Hapana. Ni furushi la marekebisho yanayoingia ndani ya sheria nyingi kwa mpigo mmoja, ile ya Kodi ya Mapato, ya VAT, ya Ushuru wa Bidhaa, ya Taratibu za Ushuru na zingine, kwa hivyo ukiufungua unakutana na "futa maneno haya kwenye kifungu kile uweke haya" na kama huna ile sheria nyingine kando hujui kilichofutwa ni nini. Mtu wa duka anaufungua kwa simu, anasoma kurasa mbili, anafunga.

Katiba ya 2010 imesema wazi kabisa. Kifungu cha 210, hakuna ushuru bila sheria. Kifungu cha 118, Bunge lifanye kazi kwa uwazi na lishirikishe umma. Kifungu cha 201, pesa za umma ziendeshwe kwa uwazi na watu wahusishwe. Na haya si maneno ya kupamba karatasi, mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Hatukujua habari ya Kiambu mpaka baadaye sana, na ningependa tungeijua mapema.

Mswada wa Fedha wa 2023 ulichapishwa mwisho wa Aprili na ukasomwa mara ya kwanza Bungeni Mei 4. Ulikuwa mzito. VAT ya mafuta kutoka 8% hadi 16%. Ushuru wa nyumba, yale makato ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu, 3% kwa mfanyakazi na 3% kwa mwajiri. Watu wanaotengeneza maudhui mtandaoni wakatwe 15%. Nywele za bandia ziwekewe ushuru. Na ile iliyotugusa zaidi, kodi ya mauzo, ile watu wanaita TOT, ipande kutoka 1% hadi 3%, na ianze kwa mtu mwenye mauzo ya 500,000 kwa mwaka badala ya 1,000,000.

TOT wengi hawaielewi mpaka wailipe. Hailipwi kwa faida, inalipwa kwa mauzo yote. Mmoja wa wanachama wetu ana duka la vyakula, unga, sukari, mafuta ya kupikia, anauza kama 400,000 kwa mwezi. Kwa 1% alikuwa anatoa 4,000. Kwa 3% ni 12,000. Sasa hizo bidhaa faida yake ni nyembamba sana, akibaki na 5% ni 20,000, na hapo hajalipa nyumba ya duka, hajalipa stima, hajamlipa kijana wa kubeba magunia. Alipoandika hizo namba kwa karatasi alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza, "Kwa hivyo hii duka ni yangu ama ni ya nani?" Sikuwa na jibu.

Mei: kukaa chini na mswada

Tulikutana jioni nyuma ya hadiwea ya mwenyekiti, tukikalia magunia ya simiti, na nakala moja tu iliyochapishwa. Mwekahazina wetu ni mwalimu mstaafu, tunamwita Mwalimu, alikuja na rula ya plastiki na akawa anaiweka chini ya kila mstari anapousoma, pole pole, na mimi nikiwa na sheria zenyewe kwa kompyuta namwambia hapo kilichofutwa ni hiki. Ilituchukua jioni tatu kumaliza sehemu zinazotuhusu tu.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa tupinge nini. Vijana walitaka tupinge mswada wote. Hasira ilikuwa ya kweli na mimi nilikuwa nao. Mwalimu akasema, "Wanangu, mkikataa yote yule anayesoma pale kwa kamati hana mahali pa kuweka alama. Mpeni kitu anaweza kuandika." Tukakubaliana vitu vitatu: TOT ibaki 1%, kiwango cha chini kibaki 1,000,000, na ushuru wa nywele bandia utolewe kwa sababu tuna kina mama watano wa saluni kwenye kikundi na mmoja wao alikuwa ametuonyesha hesabu ya msusi mmoja mpaka shilingi ya mwisho.

Uamuzi wa pili, tuende Nairobi kusema kwa mdomo au tuandike. Nauli ya watu wanne na kulala ilikuwa pesa ya kununua stoki ya mtu. Tukaandika kurasa tatu, tukatuma kwa barua pepe, na nakala moja ikapelekwa kwa mkono na jamaa yetu aliyeko huko ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ndio ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya mwezi ule na tuliufanya bila kufikiria sana, ni Mwalimu tu na tabia yake ya ualimu ya kutaka kila kitu kigongwe muhuri.

Juni: maneno yalipobadilika

Kamati ya Fedha ya Bunge ilipotoa ripoti yake tulifurahi kwanza. Nywele bandia, zimetoka. Kiwango cha chini cha TOT, kimerudi 1,000,000. Ushuru wa nyumba umeshuka hadi 1.5% kila upande. Wale wa maudhui mtandaoni wameshushwa hadi 5%. Lakini 3% ya TOT imebaki pale pale, na tulitafuta sababu ya kutushawishi kwa nini 3 na si 2 au 1.5, hatukupata jibu la kututosha.

Juni 14 mswada ulisomwa mara ya pili ukapita kwa kura 176 dhidi ya 81. Kesho yake, Juni 15, ndio bajeti ikasomwa. Hii tarehe ishike kwa sababu inaonyesha mbio zilivyokuwa.

Kabla ya hiyo kura mwenyekiti alimpigia mbunge wetu simu, akaiweka kwa sauti kubwa tukasikia wote. "Mheshimiwa, habari ya kazi, sisi ni watu wako, tunaomba hiyo TOT." Mheshimiwa akajibu kwa upole, hakutudharau, nitasema ukweli. Alisema tupitishe kwanza kwa ujumla, mambo ya kifungu kimoja kimoja yatarekebishwa kwenye Kamati ya Bunge lote. Tukamshukuru. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, hiyo Kamati ya Bunge lote inakaa lini, nani analeta marekebisho, na sisi tutayaona kabla au baada.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndio kiini. Kwenye hatua ya pili wabunge wanajadili wazo la mswada kwa jumla. Ukishapita, Bunge zima linageuka kuwa kamati na kupitia kifungu baada ya kifungu, na hapo ndipo maneno yenyewe yanaandikwa upya. Mwenyekiti wa kamati analeta marekebisho, mbunge yeyote anaweza kuleta yake, yanasomwa, yanapigiwa kura, yanaendelea. Kanuni za Kudumu za Bunge zinakataza marekebisho yanayoleta jambo geni au kuupanua mswada kupita kiasi, lakini anayeamua kama jambo ni geni ni yule aliyekalia kiti siku ile. Mwananchi hayuko. Muda wake wa kutoa maoni uliisha Mei.

Wabunge waliopinga walilia na bei, mafuta na nyumba, lakini pia walilia na njia hii. Hoja kubwa mbili za njia ndizo zilizofika mpaka mahakamani. Moja, kuna vifungu vimeingia baada ya umma kumaliza kuongea. Mbili, Seneti haijapewa nafasi na huu mswada una mambo yanayogusa kaunti. Upande wa serikali nao ulikuwa na jibu ambalo si la kutupiliwa mbali: sasa watu wametoa maoni, kamati imesikia, imebadilisha, mnataka ibadilishe bila kuandika kitu kipya? Kila badiliko likirudishwa kwa umma, na umma ukasema tena, na likabadilika tena, bajeti itapita lini na mwaka wa fedha unaanza Julai 1?

Mwishowe TOT ilibaki 3%. Rais alitia sahihi Juni 26.

Wiki hiyo nilikaa nikaweka mswada wa Aprili upande huu na sheria iliyotiwa sahihi upande huu, nikapitia na kalamu mbili, ya kijani kwa kile kilichobadilika na nyekundu kwa kile ambacho hakikuwepo kabisa. Nilitarajia kijani nyingi na nyekundu kidogo. Kulikuwa na nyekundu zaidi ya nilivyofikiria. Hakuna hata moja ya hizo nyekundu iliyokuwa inatugusa moja kwa moja, ndio maana hatukupiga kelele, na nafikiri kila kikundi nchini kilifikiri hivyo hivyo.

Mahakamani

Kesi zilifunguliwa haraka, ya Seneta wa Busia Okiya Omtatah na wenzake ndio ilijulikana zaidi. Juni 30 Mahakama Kuu ikasimamisha sheria kwa muda. Mwisho wa Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa huo usimamishaji. Novemba 28 jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu likasema ushuru wa nyumba ni kinyume cha Katiba pamoja na vifungu vingine vichache, lakini sheria yenyewe kwa ujumla ikabaki. Makato ya nyumba yaliendelea kwa amri za muda mpaka Januari 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ilipokataa kuongeza muda, halafu Machi 2024 Bunge likayarudisha kwa sheria yake yenyewe ya Nyumba za Bei Nafuu.

Sisi tulijadili kama tufungue kesi ama tujiunge na moja. Tulikuwa na muhuri, tulikuwa na ile karatasi yangu ya kijani na nyekundu. Tukaamua hapana. Wakili ni pesa, na kikundi chetu kina watu wengine wanaogopa jina lao kuonekana kwenye kesi dhidi ya serikali halafu kesho yake watu wa ushuru waje dukani. Sitawalaumu. Uamuzi ulikuwa tulipe 3%, tuweke risiti zote, tungoje.

Kisha Julai 31, 2024. Hii ilikuwa wiki tano tu baada ya Juni 25, siku Bunge lilipopitisha Mswada wa Fedha wa 2024 kwa kura 195 dhidi ya 106 na vijana wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Nchi bado ilikuwa na kidonda kibichi. Ndio Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi kwamba Sheria ya Fedha ya 2023 yote, si kifungu, yote, ni kinyume cha Katiba, na sababu kubwa ilikuwa njia: vifungu vipya viliingizwa baada ya umma kutoa maoni bila kurudishwa kwa umma, na Bunge lilikuwa na wajibu wa kueleza kwa nini limekubali au kukataa yale watu walisema.

Niliposoma hapo pa kueleza sababu nililia. Sioni haya kusema. Ni kile kile tulichotafuta kwenye ripoti jioni ile.

Agosti 20

Lakini duka halilipi ushuru kwa machozi. TOT ya mwezi inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sheria imebatilishwa Julai 31, sasa mauzo ya Julai yanalipwa Agosti 20, kwa asilimia ngapi? Kama sheria ya 2023 haipo basi tumerudi 1%. Kama serikali itapata amri ya kusimamisha uamuzi basi ni 3%. Simu yangu haikulala. Kikundi kikagawanyika pande mbili kwenye WhatsApp, na watu waliokalia magunia pamoja wakaanza kuitana waoga na wajuaji.

Mimi nilishauri walipe 3% mapema. Sababu yangu ilikuwa rahisi: ukilipa zaidi una karatasi ya kudai, ukilipa pungufu na amri ikaja una faini na riba inayokimbia kila mwezi. Karibu theluthi mbili wakanisikiza. Wengine, pamoja na mwenye duka la vyakula, wakasema wamechoka kutangulia kulipa kitu ambacho mahakama imesema si halali, na walikuwa na haki ya kuchoka. Wakangoja siku ya mwisho.

Siku ya mwisho, Agosti 20, ndio siku Mahakama ya Juu ilitoa amri ya kusimamisha ule uamuzi wa Rufaa. Siku ile ile. Mama wa saluni mmoja alinitumia ujumbe jioni: "Kaka, nimefunga duka niende saiba (cyber) kulipa, nilipe ile ya jana ama ile ya leo?" Watatu hawakufika kulipa kwa wakati. Mmoja alilipa 1% na baadaye akatakiwa kumalizia.

Oktoba 29, 2024, Mahakama ya Juu ikamaliza. Ikatupilia mbali uamuzi wa Rufaa na kusema sheria ni halali, umma ulishirikishwa vya kutosha. Mabadiliko yanayotokana na maoni ya umma hayalazimu kuanza upya. Na hakuna sharti la kisheria linalolibana Bunge kueleza sababu kwa kila pendekezo lililokataliwa, ingawa ni jambo jema kufanya hivyo. Hoja ya Seneti nayo haikuiangusha sheria.

Kilichosaidia

Kuchagua vitu vitatu. Kati ya hivyo viwili vilitoka au kurekebishwa. Siwezi kusema ni kwa sababu yetu, watu wengi walipigia kelele mambo hayo hayo, lakini naamini pendekezo lenye namba na kifungu linasikika kuliko kilio cha jumla.

Muhuri na nakala yenye tarehe. Mtu akibisha kama mlisema, hapo ndipo mnaanzia.

Kuweka mswada na sheria bega kwa bega. Hii kazi inachosha macho na haina sifa, lakini ndio ilitufanya tuelewe kesi ilikuwa inahusu nini wakati watu wengi bado walifikiri ni kesi ya mafuta. Kila kikundi kinachotoa maoni kiwe na mtu mmoja wa kufanya hii kazi, na aifanye mara tatu: siku mswada unatoka, siku ripoti ya kamati inatoka, na siku sheria inatiwa sahihi.

Kilichotuangusha

Kubwa kabisa, tulitumia nguvu zote Mei na tukafika Juni tumechoka. Tulidhani kutoa maoni ndio mwisho wa kazi ya mwananchi. Ile Kamati ya Bunge lote ilipita kama basi usiku tumelala. Tungekuwa na marekebisho yaliyoandikwa tayari kwa lugha ya sheria, mstari mmoja tu, tukampa mheshimiwa mkononi na kumwomba ayapeleke kwa jina lake, angalau tungejua kama alijaribu. Sisi tulimpa ombi, na ombi kwa simu halina mahali pa kukaa kwenye Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya Bunge.

Pili, tulipoona zile nyekundu tukanyamaza kwa sababu hazikutugusa. Hili linaniuma mpaka leo. Njia mbaya haiulizi leo inampitisha nani, kama kifungu cha mwenzako kinaweza kuingia baada ya milango kufungwa, chako kitaingia mwaka ujao.

Tatu ni langu mwenyewe. Nilipaswa kuwaita wanachama wiki ya kwanza ya Agosti na kuwaambia ana kwa ana kwamba uamuzi wa mahakama ya katikati kwenye ushuru mara nyingi unasimamishwa wakati rufaa inaendelea, manake tulikuwa tumeshaona mchezo huo huo 2023. Niliandika kwenye WhatsApp, katikati ya memes na matangazo ya harambee, na wale watatu wanasema hawakuuona ujumbe. Nawaamini.

Kuhusu majaji

Nimebishana na watu wengi juu ya uamuzi wa Oktoba 29 na wacha niseme ninachofikiri. Ule upande wa kwanza, kwamba badiliko linalotokana na maoni ya watu lisirudishwe kwa watu, naukubali. Ushuru wa nyumba kushuka kutoka 3% hadi 1.5% ulitokana na kelele za watu, kuurudisha tena kwa umma ni kuzungusha watu tu. Kiwango cha TOT kurudi 1,000,000, hivyo hivyo.

Shida ni kwamba hayo ni mambo mawili yamevaa shati moja. Kuna badiliko la kile kilichokuwemo, na kuna kifungu ambacho Mei hakikuwepo kabisa, hakuna aliyekiona kwa hivyo hakuna aliyeweza kukipinga wala kukiunga mkono. Kukiita hicho cha pili matokeo ya maoni ya umma kunahitaji mtu aonyeshe ni maoni ya nani, ukurasa gani. Ndio maana suala la kutoa sababu ni muhimu kuliko linavyoonekana, hizo sababu ndizo pekee zinazoweza kutenganisha haya mawili. Safu moja tu kwenye jedwali, upande wa kulia, imeandikwa "kwa nini". Mahakama ya Rufaa iliifanya kuwa wajibu, Mahakama ya Juu ikaifanya kuwa jambo jema, na kati ya wajibu na jambo jema ndipo mwenye duka la vyakula anapotea.

Na kuna suala la muda ambalo hakuna mahakama iliyolitatua. Sheria ilianza Julai 2023, neno la mwisho likaja Oktoba 2024. Miezi 16. Hata kama tungeshinda, pesa ilikuwa imeshakusanywa na imeshatumika, na mtu aliyefunga duka kwa sababu ya TOT hangerudishiwa duka. Kwa hivyo mtu anayetaka kupigania njia aipiganie Bungeni kabla ya kura ya mwisho, mahakamani anakwenda kupigania mwaka unaofuata.

Pia tuliona baadaye kwamba kukataa mswada si kuua vifungu vyake. Baadhi ya mambo ya 2024 yalirudi kwenye miswada mingine ya ushuru iliyotiwa sahihi Desemba 11, 2024, na macho ya watu wakati huo yalikuwa kwingine.

2025

Mswada wa Fedha wa 2025 ulipotoka tulikutana tena, hadiwea ile ile, rula ile ile. Safari hii kila pendekezo letu liliandikwa kwa safu nne: kifungu kinavyosema sasa, mswada unavyosema, sisi tunataka kisomeke vipi neno kwa neno, na kwa nini. Safu ya nne ndiyo Mwalimu aliisimamia, kila aliyeleta hoja alimuuliza mara mbili. Na safari hii tulipinga kifungu ambacho wengi wetu hakitugusi sana, kile cha kuondoa kinga iliyokuwa inaizuia KRA, mamlaka ya ushuru, kudai data za wateja wa biashara. Watu wengi nchini walikipinga, kamati ikakubali kitolewe. Sheria ikatiwa sahihi Juni 26, 2025.

Kijana mmoja wa duka la vipuri ndiye sasa anashika kalamu mbili, mimi macho yamechoka. Siku sheria ilipotoka alikaa nayo mpaka saa sita usiku halafu akanitumia picha za kurasa, kijani nyingi, na sehemu mbili nyekundu amezizungushia duara na kuandika pembeni kwa mwandiko mdogo, "hii imetoka wapi?" Barua ya kuuliza hizo mbili tuliipeleka kwa ofisi ya mbunge wiki iliyofuata. Nakala yetu ina muhuri.